Maji Yakipwa: Bibi Ajibu Kuhusu Saratani ya Tezi ya Shingo

Asalaam aleikum Bibi, na shikamoo. Mimi ni mkulima wa mwani, Jambiani, umri wangu miaka 47. Mwezi wa Rajabu mwanangu anayefanya kazi Dar es Salaam alinilipia uchunguzi wa mwili mzima, presha, sukari, figo, mpaka shingo. Mengine yote mazuri, lakini kwenye shingo wameandika kuna kinundu cha milimita 6 upande wa kulia wa tezi. Sijawahi kukihisi, na hata sasa nikikitafuta kwa kidole sikipati. Jirani ananiambia nikimbilie kukatwa kabla hakijasambaa. Tena mtoto wa kaka yangu akanionyesha kwenye simu kuwa Korea Kusini saratani ya tezi imeongezeka mara 15. Wakorea nasikia ndio wala mwani wakubwa. Mimi nimeshika mwani tangu 1994, tunafanya sabuni, na siku hizi tunaupika. Je, ni mwani ulioniletea haya? Nikatwe? Usingizi sina. — *Mama wa watoto wanne, Jambiani*

Waaleikum salaam, marahaba mwanangu. Picha ya karatasi ya majibu uliyoiambatanisha nimeitazama kwa utulivu, kama nilivyokuwa nikizitazama karatasi za namna hiyo kwa miaka 26 nilipokuwa mpiga picha za ultrasaundi. Nianze na lile linalokunyima usingizi: karatasi yako haisemi una saratani. Inasema kuna kinundu cha milimita 6, kingo zake laini, na hakuna tezi nyingine shingoni zilizovimba. Milimita 6 ni kama punje ya choroko. Ukichukua watu wazima 100 wasiohisi lolote, ukawapaka jeli shingoni na kuwapitishia mashine nzuri, utakuta vinundu kwa watu kuanzia 19 hadi 68, kutegemea umri wao na ukali wa mashine. Wanawake ndio wengi, na umri ukipanda vinaongezeka. Vilivyo vingi kati ya hivyo si saratani.

Sasa mwani. Wakorea wanakula mwani, hilo kweli. Mzazi akijifungua hupikiwa supu ya mwani wanaouita miyeok, na supu hiyo hiyo hupikwa kila mtu anapotimiza mwaka mwingine wa kuzaliwa. Lakini hiyo ni desturi ya karne nyingi. Bibi zao walikunywa supu hiyo, na bibi za bibi zao. Kitu kilichokuwepo miaka yote hakiwezi kueleza jambo lililolipuka ndani ya miaka 10 hivi. Lazima tutafute kilichobadilika.

Kilichobadilika ni hiki. Mwaka 1999 serikali ya Korea Kusini ilianzisha mpango wa taifa wa kuwapima wananchi saratani mbalimbali, bure au kwa malipo madogo. Tezi ya shingo haikuwemo katika mpango ule. Lakini mtu akishafika kliniki, amekwisha kuvua shati na kulala kitandani, aliambiwa: ongeza dola 30 au 50 tukupime na shingo. Nani atakataa? Shingo za watu wasio na dalili yoyote zikaanza kupimwa kwa maelfu, kisha kwa mamia ya maelfu. Kufikia 2011 kiwango cha watu wanaoambiwa wana saratani ya tezi kilikuwa mara 15 ya kile cha 1993. Mwaka huo mmoja waligunduliwa zaidi ya watu 40,000, na saratani ya tezi ikawa ndiyo inayoongoza kwa idadi nchini mle, kuliko ya tumbo, kuliko ya matiti.

Hapo ndipo simu ya mtoto wa kaka yako iliposimama. Haikukuonyesha mstari wa pili. Katika miaka yote hiyo, waliokufa kwa saratani ya tezi Korea Kusini walikuwa kati ya 300 na 400 kwa mwaka. Kabla ya vipimo vile, 300 na kitu. Baada yake, 300 na kitu. Mwanangu, hebu utulie na hesabu hiyo. Kama kweli ugonjwa ungeongezeka mara 15, misiba nayo ingeongezeka. Na kama ni upasuaji wa mapema ndio uliokuwa ukiokoa watu, misiba ingepungua chini ya pale ilipokuwa mwanzo. Haikupanda, haikushuka. Tena mikoa ambayo watu wengi zaidi walipimwa shingo ndiyo iliyokuwa na wagonjwa wengi zaidi.

Wewe ni mtu wa pwani, utanielewa kuliko watu wa mjini. Siku za maji mafu ukisimama Jambiani unaona bahari tu. Ikija bamvua, maji yakapwa mpaka kule kwenye mwamba, unaona majongoo bahari, kiti cha pweza, mawe, vigingi vya zamani vya watu waliokwisha acha kilimo. Havikuja siku ile. Vilikuwepo, maji ndiyo yaliyoondoka. Mashine ya ultrasaundi ni bamvua ya shingo.

Kwamba vilikuwepo si maneno yangu. Mwaka 1985 nchini Finland madaktari walizikata tezi za maiti 101 vipande vyembamba, watu waliokufa kwa mambo mengine kabisa, wakatazama kwa darubini. Katika 36 kati yao walikuta saratani ndogo ndogo za tezi. Zaidi ya theluthi moja! Watu hao waliishi nazo, wakala nazo, wakalea nazo watoto, wakafa kwa sababu nyingine bila kujua. Nchini Marekani nako, mwaka 1973 waligunduliwa watu 3.6 kwa kila 100,000, na mwaka 2002 wakafika 8.7. Karibu nyongeza yote ilikuwa ya vinundu vya sentimita 2 au chini ya hapo. Vifo havikutikisika, vilibaki kama nusu mtu kwa kila 100,000. Mwaka 2016 watafiti wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lile lenye makao Lyon, Ufaransa, walizitazama nchi 12 tajiri wakakadiria kuwa katika miongo miwili wanawake 470,000 na wanaume 90,000 walipewa jina la ugonjwa ambao usingewadhuru kamwe. Kwa wanawake wa Korea Kusini walisema ni kama 90 katika kila 100 waliogunduliwa.

Utasema, basi kuna ubaya gani kujua? Nitakwambia, na hapa nitasema la kwangu mwenyewe ambalo sijaliandika popote.

Kliniki niliyokuwa nikifanya kazi ilinunua kichwa kipya cha mashine, kile kidogo cha kuangalia vitu vya juu juu, na mwenye kliniki akatuambia kila anayekuja kupimwa tumbo tumshauri na shingo, mashine irudishe fedha yake. Akaja mwalimu mmoja, mama wa miaka 38, analalamika tumbo. Nikampima tumbo, nikaona mawe kwenye nyongo. Nikamwambia, dada, tuangalie na shingo. Nikaona kinundu cha milimita 5. Nikaandika maneno matatu: *kinatia shaka kidogo*. Maneno yale matatu yalimpeleka kwenye sindano, ile ya kuchota chembe za kupimwa, nayo ikasema saratani ya aina ya papila, ile ya kawaida zaidi na inayokua polepole, ndugu wakachangishana, akapelekwa India, tezi yote ikatolewa. Aliporudi vidole vilikuwa vikimkaza na midomo kumwasha, kwa sababu vile vitezi vidogo vinne vinavyokaa nyuma ya tezi, vinavyotawala kalisiamu ya mwili, vilidhurika. Sauti yake ikawa ya kukwaruza. Alikuwa mwalimu wa kwaya. Sasa kila asubuhi, mpaka mwisho wa maisha yake, anakunywa kidonge cha homoni ya tezi, na kalisiamu juu yake.

Na kila mwisho wa mwaka huniletea mkungu wa ndizi kunishukuru kwamba nilimwokoa.

Mwanangu, nazipokea zile ndizi na sijui niseme nini. Huenda nilimwokoa kweli. Huenda nilimpokonya sauti bure. Kwa mtu mmoja huwezi kujua kamwe: aliyekatwa akapona, na aliyekatwa bila haja, wanafanana kwa kila kitu, wote wako hai na wote wanashukuru. Tofauti yao huonekana tu unapozipanga hesabu za nchi nzima, mwaka kwa mwaka, waliogunduliwa upande mmoja na waliokufa upande wa pili. Ndiyo maana nakusumbua na tarakimu hizi wakati wewe umeniuliza habari ya shingo yako. Kati ya Wakorea zaidi ya 15,000 waliofanyiwa upasuaji na rekodi zao za bima kuchunguzwa, 11 katika kila 100 walipata tatizo hilo hilo la kalisiamu, na 2 katika kila 100 nyuzi zao za sauti zilipooza. Nilipoisoma hesabu hiyo nilimwona mwalimu wangu wa kwaya ndani yake.

Wakorea wenyewe ndio waliozuia. Mwezi Machi 2014 madaktari wanane walijitokeza hadharani na barua ya kuwaomba watu waache kupima shingo zisizo na dalili. Magazeti na televisheni wakalibeba. Mwaka huo huo upasuaji wa tezi ulishuka kutoka kama 43,000 mwaka 2013 hadi kama 28,000 mwaka 2014. Wenzao wa Marekani, jopo la taifa linaloshauri vipimo vya kinga, mwaka 2017 nao walisema wazi: mtu mzima asiye na dalili asipimwe saratani ya tezi.

Tena hata pale ambapo kinundu kidogo kimekwisha thibitishwa kuwa saratani, kisu si lazima kije mbio. Katika mji wa Kobe, Japani, Dk. Akira Miyauchi wa hospitali ya Kuma alipendekeza mwaka 1993 kwamba wenye saratani ya papila isiyozidi sentimita 1, isiyo na dalili mbaya, wapewe hiari ya kuangaliwa tu. Walipofuatilia wagonjwa 1,235, baada ya miaka 10 ni 8 tu katika kila 100 ambao kinundu kilikuwa kimekua kwa milimita 3 au zaidi, na wasiofika 4 katika kila 100 ambao ugonjwa ulionekana kwenye tezi za limfu za shingo. Hao walikatwa wakati huo, na wakaendelea vizuri. Hakuna aliyekufa kwa saratani hiyo.

Basi wewe ufanye nini? Mimi si daktari wa upasuaji, lakini utaratibu unaofuatwa na madaktari wa tezi katika nchi nyingi ni kwamba kinundu kilicho chini ya sentimita 1, chenye sura kama ya kwako, hakichomwi hata sindano. Pima damu homoni ya tezi, mara moja. Rudia ultrasaundi baada ya mwaka mmoja au miwili, ikiwezekana kwa mashine ile ile, na umwombe mpimaji aandike urefu, upana na kina, siyo tarakimu moja, maana mkono wa mtu na mtu hupishana milimita moja au mbili na wewe utadhani kimekua. Ukiona shingo inavimba, sauti inakwaruza kwa wiki kadhaa bila mafua, au chakula kinakwama, usingoje mwaka. Mwambie daktari pia kama mzazi au ndugu wa tumbo moja aliwahi kuwa na saratani ya tezi, au kama utotoni ulichomwa mionzi shingoni. Kama hakuna hayo, rudi kwenye mwani wako. Na jirani mwambie Bibi amemsalimu sana, maana naye alikutakia heri kwa njia aliyoijua.

---

Shikamoo Bibi. Mimi ni mwalimu wa fizikia, Machakos. Niliwahi kukusikia ukisema kwamba ongezeko la saratani ya tezi ni la mashine. Mbona basi Chernobyl maelfu ya watoto waliugua? Na Fukushima je? Nisije nikawafundisha wanafunzi uongo. — *Mwalimu*

Marahaba mwalimu, na ahsante kwa kunishika shati. Chernobyl haikuwa mashine. Chernobyl ilikuwa kweli tupu.

Mtambo wa nyuklia wa Chernobyl, Ukraine, ulilipuka tarehe 26 Aprili 1986. Miongoni mwa yaliyoruka angani ni iodini 131, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila siku 8. Ilishuka kwenye majani, ng'ombe wakala majani, watoto wa Belarusi, Ukraine na Urusi wakanywa maziwa. Tezi ya shingo haijui kutofautisha iodini njema na ya mionzi, huinyonya yote, na tezi ya mtoto ni ndogo, kwa hiyo dozi ile ile inaichoma zaidi. Kufikia 2005 zaidi ya watu 6,000 waliokuwa watoto au vijana mwaka ule walikuwa wamepata saratani ya tezi. Waliokufa kwayo hadi mwaka huo walikuwa 15, kwa sababu saratani hii hata ikiwa ya kweli hutibika vizuri, lakini hiyo haiwafuti watoto wale wala makovu ya shingoni mwao. Poland, jirani, iliwahi: ndani ya siku chache iliwapa watoto zaidi ya milioni 10 iodini salama ili tezi zishibe kabla ile mbaya haijafika. Nilipenda sana jambo hilo, serikali kuwakimbilia watoto kwa kikombe cha dawa.

Fukushima, Japani, ambako mtambo wa nyuklia ulipata ajali Machi 2011, ni habari tofauti, na wanafunzi wako watafaidika kuziweka mbili hizo ubaoni pamoja. Mkoa ule ulipima shingo za watoto na vijana kama 300,000 katika mzunguko wa kwanza, kwa mashine kali sana, na zaidi ya 100 wakakutwa na saratani au shaka yake. Watu wakasema Chernobyl imerudi. Lakini angalia wakati. Chernobyl ongezeko lilianza kuonekana baada ya kama miaka 4, na waliodhurika zaidi ni waliokuwa wadogo kabisa wakati wa mlipuko. Fukushima zilionekana papo hapo kipimo kilipoanza, tena zaidi kwa vijana wa balehe kuliko kwa watoto wachanga. Na dozi ya mionzi kwenye tezi zao ilikuwa ndogo sana ikilinganishwa. Kamati ya wanasayansi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia athari za mionzi ilieleza katika ripoti iliyotoka Machi 2021 kuwa wingi ule ulitokana na ukali wa upimaji na si mionzi.

Kwa hiyo mwalimu, ukiona mstari unapanda, waulize wanafunzi mambo mawili: nani alianza kutafuta, na mwaka gani? Halafu: misiba je?

---

Bibi shikamoo, naandika kwa niaba ya mama, miaka 71, tupo Ludewa. Ana rovu, uvimbe wa tezi ya shingo, tangu akiwa msichana, kama wengi wa rika lake huku. Halikuwahi kumsumbua. Tangu Pasaka limekua upesi, limekuwa gumu kama jiwe, sauti imekauka na ugali haupiti vizuri, anakunywa uji. Mganga wa kituo alisema ni rovu la kawaida, tutumie chumvi yenye madini joto, yaani iodini. Nimesoma mahali kwamba saratani ya tezi inakuzwa mno, nikafarijika. Nimefarijika sawasawa? — *Kijana wa Ludewa*

Marahaba mwanangu. Hapana. Usifarijike, na soma haya leo leo.

Yote niliyoandika hapo juu ni kwa watu wasiohisi chochote, waliotafutwa na mashine. Mama yako hakutafutwa na mtu. Ugonjwa umemfuata wenyewe, unaonekana kwa macho. Nyanda za Juu Kusini kuna wazee wengi wenye rovu kwa sababu udongo na maji ya huko yana upungufu wa madini joto, na chumvi yenye madini joto iliyoanza kusambazwa miaka ya 1990 imewalinda watoto waliozaliwa baadaye. Haiyeyushi rovu la mtu wa miaka 71, na hakika haina la kufanya na rovu lililobadilika ghafla. Rovu la miaka mingi likikua ndani ya wiki au miezi, likawa gumu, likashika sauti na koo, linaweza kuwa saratani kali ya tezi, aina inayowapata wazee na isiyosubiri. Linaweza pia kuwa damu imevujia ndani yake tu. Kwa kutazama huwezi kujua, wala mimi siwezi kutoka hapa nilipo.

Huku kwetu mashine si nyingi kupita kiasi. Mara nyingi hazipo kabisa pale zinapohitajika, na mama kama wako wanafika hospitali wakiwa hawawezi hata kumeza mate. Mstari wao hauonekani kwenye grafu yoyote maana hakuna aliyewaandika. Hilo linaniuma kuliko hesabu zote za Korea.

Mpeleke hospitali ya rufaa ya kanda Mbeya. Usipitie tena kituo ukaishia hapo. Kama ni lazima upite kwa ajili ya barua ya rufaa au bima, mwambie mganga maneno haya haya: limekua upesi, ni gumu, sauti imebadilika, hawezi kumeza. Yaandike kwenye karatasi ili usiyasahau ukifika mbele ya meza. Hapo watamchoma sindano na kuangalia kama njia ya hewa imebanwa. Ikithibitika, wao ndio watakaojua kama aende Ocean Road, hospitali ya saratani, au Muhimbili, zote za Dar es Salaam. Usiku mlaze kichwa kikiwa juu, mito miwili au mitatu. Na akianza kukoroma akiwa macho, au kuvuta pumzi kwa mlio, msingoje basi la asubuhi, tafuteni gari usiku ule ule.

Niandikie ukifika Mbeya. Nitakuwa nangoja.